Njaa ya Watu Wanane

Sakafu ya zahanati ilinipima kabla ya mtu yeyote kunisalimu.

"Kilo mia moja na kumi na nne," ilitamka kwa sauti laini ya kike, sauti ya mtu ambaye hajawahi kubeba hata ndoo ya maji. "Karibu, Bi Mwantumu Semboja. Umezidi kwa kilo ishirini na mbili."

Watu waliokaa kwenye mabenchi waliinua macho, wakanitazama kuanzia miguuni, kisha wakajifanya wanasoma matangazo ukutani. Mjukuu wangu Raya, aliyekuwa amenishika kiwiko, aliangua kicheko.

"Mke mwenza, leo umetangazwa kama bibi harusi."

"Nyamaza. Bibi harusi husifiwa uzuri, hasomewi uzito."

"Kwa marehemu mume wetu, hivyo vilikuwa kitu kimoja."

Nilimgusa mguu kwa fimbo yangu, naye akaruka pembeni. Kama ningekuwa na nyonga nzima, asingewahi kuruka.

Daktari alikuwa na habari moja, akaisema bila kuketi. Nyonga yangu ya kulia imekwisha. Masika ijayo haitanikuta nikitembea. Ghorofa ya juu zipo nyonga zinazooteshwa kwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe, na kuipandikiza moja ni kazi isiyofika saa nzima. Lakini sheria ya hospitali inakataza kuitia katika mwili uliozidi kilo tisini na mbili. Nilipewa miezi sita. Nikishindwa, jina langu litafutwa katika orodha, na jina lililofutwa halirudishwi.

"Na sindano za kupunguza mwili?" nikauliza. "Mama yangu alichomwa, akapungua."

"Enzi za mama yako zilifanya kazi, Bibi. Miili imeshazizoea, kama ulimi unavyozoea pilipili. Siku hizi imebaki njia moja tu. Kikoa."

Jina hilo lilinikera papo hapo. Kikoa nilikijua tangu utotoni, hapa hapa Tanga, Barabara ya Kumi na Nne. Wanawake wa mtaa walikuwa wakila pamoja kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako, na mwenye zamu haketi mpaka wenzake wote wamepakuliwa. Watu wa maabara walilichukua jina la kula wakalipachika kwenye kutokula, wala hawakumwomba mtu radhi.

Hata hivyo nilikwenda kusikiliza, kwa sababu ukumbi wao ulikuwa mlango wa tatu tu, na mlango wa tatu ndio umbali niliokuwa nao.

Mratibu wa Kikoa alikuwa kijana wa Kipare aliyeitwa Elinihaki, mwenye adabu na viatu vinavyong'aa. Aliniamkia, akanivutia kiti, akanionyesha kitu kidogo ndani ya kichupa. Kilikuwa sawa kabisa na punje ya mchele.

"Hii huingizwa chini ya ngozi ya ukosi, Bibi. Njaa si tumbo. Njaa ni ujumbe ambao tumbo huupeleka kwenye ubongo kupitia mshipa wa fahamu. Punje hii huudaka ujumbe huo njiani na kuupeleka kwa wenzako. Ninyi nyote mnakuwa mwili mmoja katika jambo hilo moja. Hakuna anayelemewa. Tangu tuanze, hakuna kundi lililoshindwa kupungua."

"Wangapi katika kundi?"

"Wanane, mbali na mlinganishi. Hapa wapo saba. Wewe ukikubali, kundi limetimia. Lisipotimia hadi Ijumaa, sheria inatulazimisha kulivunja."

"Mlinganishi ni nani?"

"Ndiye anayeweka mizani ya mfumo, Bibi."

Nilidhani anataja mtambo, au fundi wa mtambo. Sikuuliza tena. Tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi kwa nini mwanamke kama mimi, niliyekuwa nikimhoji muuza nyama hadi ajute kuniuzia, sikuuliza tena.

Wale saba walikuwa wakinywa chai ya rangi isiyo na sukari, wakitazamana kwa furaha ya watu waliookoka ajalini. Mwanamke mmoja mwembamba mno, aliyejitanda kanga hadi kwenye paji la uso, alipita akikusanya vikombe. Nilimpa changu bila kuinua macho.

Elinihaki alinifunga ukosini utepe wa kijivu, mwepesi kama uzi wa kudarizi. Ulifanya kazi ya punje kwa siku tatu, ili mtu aonje kabla ya kutia sahihi. Nilivishwa Jumamosi, nikaambiwa nirudi Jumanne.

*

Njaa yangu ilikuwa na saa yake. Kila siku, saa sita na nusu mchana, ilikuja kama jirani asiyebisha hodi. Jumamosi hiyo haikuja. Raya alipika wali wa nazi na changu wa kukaanga, akaweka mbele yangu, nami nikautazama ule wali kama mtu anavyotazama picha ya mji asioishi.

"Kula, Bibi, hata kijiko."

"Kwa nini nile kitu ambacho mwili haukukiita?"

Jumapili nilisugua sufuria zangu za zamani. Tulikuwa tumefungiwa ndani kwa ajili ya joto, kama ilivyo amri, kuanzia saa tano hadi saa kumi, na mikono yangu hukataa kukaa bure. Kwa miaka thelathini na minane nilikuwa mpishi wa shughuli. Kuanzia Chumbageni hadi Makorora, harusi ya watu wenye kujiheshimu haikupangwa siku mpaka kwanza waniulize mimi nina nafasi lini. Niliweza kupika pilau ya watu mia sita juu ya mafiga sita, nikapalia makaa, nikafunua, na punje isishikane na punje.

Jiko langu lilikuwa na sheria moja. Aliye jikoni hali mpaka mgeni wa mwisho anawe mikono. Mpishi aliyeshiba hawezi kuhukumu chumvi, na msaidizi aliyeruhusiwa kipande kimoja cha nyama atachukua cha pili bila ruhusa. Mgeni wa mwisho akishanawa, niliukwangua ukoko kwa mkono wangu mwenyewe na kuwagawia. Aliyelalamika hakuitwa shughuli inayofuata. Mimi nilionja. Kuonja si kula. Ndivyo nilivyowaambia, nao walinyamaza.

Jumatatu niliamka mwepesi, nikapata wazo ambalo nililiona jema. Zamani nilikuwa nikifunga sunna kila Jumatatu, lakini mwili uliponizidi niliacha, kwa maana kufikia alasiri nilikuwa nikigombana na kila mtu, na funga yenye matusi sikuona faida yake. Sasa nikanuia. Siku ilipita kama maji. Hadi alasiri nilikuwa nimeketi sebuleni nikisoma, na uso wangu umetulia.

"Mke mwenza," Raya akaniambia, "leo hujamtukana hata muuza mkaa. Unaumwa nini?"

"Siumwi. Nimefunga."

"Umefunga, au umefungwa utepe?"

Nikamwambia aache kejeli. Magharibi ilipoingia nilikula tende moja, nikanywa maji, nikaswali. Sikuona haja ya zaidi. Sikula usiku, sikula daku, na asubuhi sikunywa hata chai. Nilijiona mcha Mungu. Nilisimama mbele ya kioo nikasema moyoni kwamba, kumbe miaka yote hii, nilichokosa ni nia tu.

*

"Kilo mia moja na kumi na mbili," sakafu ilitamka Jumanne, na wale saba ukumbini wakanipigia makofi.

"Mahakama imeridhika," alisema Mzee Shemdoe, hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo, ambaye tumbo lake lilikuwa limepungua na kuliacha shati likining'inia. "Mshtakiwa Tumbo ameanza kukiri kosa."

Tulicheka. Kisha akatazama meza tupu.

"Lakini chai leo hatuna. Mlinganishi ameanguka tena, tangu jana magharibi. Kuna mmoja wetu amezidisha. Mimi simo, jana nilikula mihogo miwili."

"Ameanguka?" nikauliza. "Mlinganishi si mtambo?"

Wote saba waliinamisha nyuso, wakaitazama ile sakafu inayosema kila kitu. Safari hii haikusema.

Chumba kilikuwa nyuma ya ukumbi. Mwanamke yule wa vikombe alikuwa amelala ubavu, dripu mkononi, na kando yake sahani ya ugali na mchicha aliyoila nusu. Kanga ilikuwa imemwanguka. Kabla sijauona uso wake niliuona mkono wake wa kulia, na kovu la mvuke lililoanzia kifundoni hadi kwenye kiwiko. Kovu hilo nililijua. Lilipatikana jikoni kwangu, mfuniko wa sufuria ulipofunuliwa kwa pupa.

"Siwema?"

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

Miaka kumi na mmoja Siwema aliniosheia sufuria na kunipulizia moto. Nilitafuta kiti, nikaketi kwa tabu.

"Jumamosi ulinipa kikombe," alisema. "Nilidhani umenitambua ukaona haya. Kumbe hukunitazama."

Niliivuta kanga iliyomwanguka, nikamfunika mabega.

"Jana ulifunga?"

"Nilifunga sunna."

"Nilijua. Njaa ya mtu aliyesahau kula huja na kuondoka. Ile ilisimama tangu alfajiri imenyooka, nikasema huyu amenuia. Nikaingoja magharibi kama mimi ndiye niliyefunga. Magharibi ikaingia, ukakataa kufuturu."

"Nilikula tende."

"Tende moja." Aliinua kidole kimoja. "Niliisikia."

Elinihaki aliingia kuitazama dripu. Nilimwuliza ile mizani ya mfumo ni kitu gani, na nikamwonya asinijibu kama anavyowajibu wageni. Akajibu akiwa amesimama, kama mwanafunzi.

"Haikukusudiwa hivi, Bibi. Waliotengeneza punje walitaka njaa igawanywe sawasawa, kila mtu apate sehemu asiyoweza hata kuihisi. Lakini katika kila kundi la mwanzo, mtu mmoja alianguka. Walipochunguza waligundua kwamba mshipa usiozoea njaa huikataa. Basi ujumbe hupita kwa huyu, hupita kwa yule, hadi umfikie ambaye mshipa wake umejifunza kuipokea bila kupiga kelele. Hapo ndipo hutua, na hutua wote."

"Mlimtoa mtu huyo?"

"Tukimtoa, hutua kwa anayemfuatia kwa mazoea."

"Kwa hiyo mkampa cheo."

Alitazama viatu vyake vinavyong'aa. "Na chumba, Bibi. Kila mlinganishi hupewa chumba katika nyumba za ubaridi, yeye na mtu wake mmoja, maadamu kundi lake lipo."

"Na mbona hashibi? Chakula si hiki?"

"Hiki hushibisha njaa yake. Njaa zenu hakiwezi kuzifikia. Akijaribu kula zaidi, hutapika. Njaa hizo hupungua pale tu mwenye njaa mwenyewe anapokula."

"Bwana Elinihaki, tupishe," alisema Siwema.

Kijana alitoka haraka, kama mtu aliyefunguliwa.

"Walitupima watu arobaini," Siwema akaendelea. "Wengine wametoka nchi za ukame, Bi Mkubwa, watu ambao wamekula mizizi. Mimi nikawapita. Wataalamu wakaniuliza nimejifunza wapi. Nikawaambia nilisoma kwa Bi Mwantumu Semboja, mpishi wa shughuli."

Hakuwa anatania, wala hakuwa anatukana. Alikuwa anataja shule.

"Unaikumbuka harusi ya Chumbageni, ya wageni mia sita? Mwanamkasi wangu alikuwa na miezi mitatu, nimemfunga mgongoni. Maziwa yalikatika tangu asubuhi. Alasiri nikakuomba wali, kijiko kimoja tu, yarudi. Ulisema nini?"

Nilikumbuka nilichosema. Nilikumbuka pia kwamba mwiko ulikuwa mkononi mwangu, na mdomo wangu ulikuwa na ladha ya binzari.

"Nilisema mgeni wa mwisho hajanawa."

"Nami nikajibu nini?"

"'Haitatokea tena, Bi Mkubwa.'"

"Ndivyo nilivyokuwa nikijibu kila mara. Ilikuwa inakupendeza."

Nje, king'ora cha saa tano kililia, na watu wakaanza kukimbilia ndani.

"Sitatia sahihi," nikasema. "Nitamwambia kijana yule atafute mtu mwingine. Siwezi kukutwika tena."

Siwema aliinuka akaketi, na dripu ikayumba. Nilitegemea machozi. Nilikutana na hasira.

"Mtu mwingine yupi, kati ya leo na Ijumaa? Unajua nani yuko katika kile chumba? Ni Mwanamkasi. Mapafu yake hayastahimili joto. Kaskazi ya mwaka jana ilizika watu kumi na wanne katika mtaa wetu peke yake, kila mmoja ndani ya nyumba yake, mlango umefungwa kwa amri. Kundi likivunjwa tunatoka Jumamosi, na huu ni Novemba. Sasa wewe umepata huruma, baada ya miaka ishirini na saba, na umeamua kuitumia wiki hii."

"Siwema, nataka kukutendea haki."

"Uliponinyima chakula ulikuwa na sheria. Leo unaninyima chumba, una huruma. Mimi mkono ninaouona ni ule ule."

*

Nilikaa siku tatu na karatasi ya mkataba juu ya meza. Utepe walikuwa wamenivua. Njaa ilirudi saa sita na nusu, haikubisha hodi, nami kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi kuiona, kwa maana ilikuwa yangu na ilikuwa nyumbani kwangu.

Nilimsimulia Raya yote. Aliacha hata utani.

"Lakini amekubali mwenyewe, Bibi?"

"Amekubali."

"Basi?"

"Hata jikoni kwangu alikubali."

Raya alichukua mkataba, akausoma, akaurudisha mezani.

"Na mimi je? Masika ikifika, atakayekubeba kwenda chooni ni mimi. Atakayeacha masomo ni mimi. Unamfikiria Siwema, na ni haki yake afikiriwe. Mimi nani atanilinganisha?"

Swali hilo halikuwa na kosa. Nilimwambia anipe miwani.

Mkataba ulikuwa mrefu, umeandikwa kwa Kiswahili kibovu cha maofisini, lakini niliusoma wote, kifungu kwa kifungu, kama nilivyofunzwa shuleni kusoma kila nitakachowekea jina langu. Kifungu cha tisa kilisema kwamba mwanachama asiyepungua katika vipimo vitatu mfululizo vya mwisho wa mwezi ataondolewa, na jina lake litafutwa katika orodha ya nyonga. Kifungu cha kumi kilisema kwamba kundi lililopungukiwa na mtu lina miezi miwili ya kumtafuta mwingine kabla ya kuvunjwa.

Miezi mitatu na miezi miwili. Nilihesabu kwa vidole, kuanzia Novemba. Vidole viliishia Aprili, mvua zikinyesha.

Niliona mlango katika vifungu hivyo, nikaelewa unakoelekea. Ningeingia ili watimie wanane. Nikishaingia ningekula, milo mitatu kamili, kwa saa zake, ili njaa yangu isipate cha kupeleka kwa mtu. Nisingepungua. Nisingepata nyonga. Siwema angebaki na njaa za watu saba badala ya wanane, na Mwanamkasi angebaki na ubaridi hadi joto lipite. Raya angebaki na mimi.

Nilijaribu kutafuta njia ambayo haikumwumiza mtu. Nilikuwa mpishi, nilizoea kwamba ukikosa kiungo kimoja unaweka kingine. Hapa hapakuwa na kingine.

Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, nilitia sahihi. Raya alinikumbatia kwa furaha mbele ya watu, akaniita mke mwenza mara tatu, nami nikamwacha afurahi, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kumwambia pale pale. Elinihaki aliniingiza punje. Haikuuma hata kidogo.

*

Kula bila njaa ni shokoa, kazi ya kulazimishwa. Anayesema kujinyima ni adhabu hajawahi kujaribu hili. Saa moja asubuhi, saa sita na nusu mchana, saa moja jioni, niliketi mbele ya sahani, nikasema Bismillahi, nikatafuna. Wali ulikuwa pamba. Samaki alikuwa karatasi iliyotiwa chumvi. Mimi niliyeweza kutambua kwa ncha ya ulimi kwamba karafuu imezidi kwa moja, nilimeza chakula kama mtu anayejaza gunia la mwenzake.

Wiki ya pili Raya alielewa. Alisimama mlangoni pa jiko akanitazama nikimaliza sahani ya pili.

"Hukukusudia kupungua. Tangu mwanzo."

"Hapana."

"Na hukuniambia."

"Hapana."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliacha kuniita mke mwenza, akawa ananiita Bibi, kwa adabu kamili, kama mtu wa ofisini.

Nilijaribu kuwaambia wale saba. Nilimshika Mzee Shemdoe pembeni, nikamweleza kwamba kila mlo anaouacha, njaa yake inambana mtu mwingine. Alinisikiliza kwa uzito wote wa cheo chake cha zamani.

"Bi Mwantumu," alisema, "ushahidi wako ninauheshimu. Lakini mlalamikaji hajafika mahakamani. Mlinganishi mwenyewe hajalalamika."

"Hata jikoni kwangu hakulalamika mtu."

"Basi unaona," akasema, akanipiga bega kwa upole, akaenda zake na tumbo lake lisilokuwapo.

Mwisho wa mwezi tulipimwa. Tulipita mmoja mmoja katikati ya ukumbi, na sakafu ikawasifu mmoja mmoja: umepungua kilo nne, umepungua kilo tano, hongera. Zamu yangu ilifika. Nilivuta mguu hadi kwenye alama.

"Kilo mia moja na kumi na tano," sauti laini ilitamka. "Umeongezeka."

Mtu alifyonya. Mwingine akasema, si kwa sauti ya chini, kwamba kuna watu hata wakiondolewa njaa yote duniani wataila meza. Mzee Shemdoe alitikisa kichwa akasema mshtakiwa ni sugu. Raya alikuwa mlangoni amekuja kunichukua. Aligeuka akatazama nje, penye jua kali. Niliyasikia yote nikiwa nimesimama wima kadiri nyonga ilivyoniruhusu. Sikujitetea. Mwanamke mnene anayejitetea mbele ya mizani huwaongezea watu kicheko tu.

Siwema alikuwa akikusanya vikombe. Uso wake haukuwa umenenepa. Nilikuwa nimempunguzia njaa ya mtu mmoja tu kati ya wanane, na wale saba walikuwa wakijinyima kwa bidii kuliko mwezi uliopita. Nilirudi mezani, nikachukua kikombe changu, nikakipeleka mwenyewe hadi kwenye sinia lake, hatua kumi na moja, nikamtazama machoni. Nilidhani labda atasema neno. Sikuwa natarajia shukrani, au nilijiambia kwamba sitarajii.

Alikipokea kikombe, akakipanga na vingine.

"Jana ulichelewa kula," alisema.

Ilikuwa kweli. Raya alikuwa ametoka bila kupika, nyonga ilikuwa imenibana kitandani, na nilipojikokota hadi jikoni saa ilikuwa saba na dakika ishirini. Nilikuwa na sababu, na ilikuwa sababu nzuri. Nilifungua kinywa ili niitoe, nikakumbuka ni sababu ngapi nzuri zilizowahi kuletwa mbele ya mafiga yangu, na nilizifanya nini.

"Haitatokea tena," nikasema.